Chanjo ya Mgonjwa Asiyetoka Nyumbani na ya Mtu Amtunzaye

Ugonjwa wa Korona ulipogunduliwa mara ya kwanza katika Kenya, mwezi wa Machi 2020, watu wengi walidhani kwamba mzee asiyetoka nyumbani yu salama kuliko wote. Hasafiri, haendi sokoni, wala haketi barazani. Fikira hiyo ina ukweli kidogo, lakini haikutimia. Mgonjwa wa kitandani hulishwa, huoshwa na kugeuzwa na mtu mwingine, na mtu huyo hutoka kila siku.

Msomaji na aifikirie nyumba moja katika vilima vya Keringet, Kuresoi Kusini, katika Kaunti ya Nakuru. Ndani yake yumo bibi mzee aliyepooza miguu. Binti yake huchuma majani ya chai asubuhi, siku ya soko huuza viazi, na jioni humwinamia mama yake ili kumnywesha uji. Korona huenea kwa pumzi. Basi yule bibi, hata mlango ukifungwa mchana kutwa, aweza kuletewa ugonjwa na mtoto wake ampendaye.

Shehena ya kwanza ya dawa ya kuchanja, yaani dozi 1,020,000 za AstraZeneca, ilifika Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Walioanza kuchanjwa ni watumishi wa afya, waalimu na polisi. Na kabla ya mwezi ule kwisha waliitwa wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Kwa hiyo mama aliitwa mapema, naye hawezi kutembea. Na binti mwenye kutembea alikuwa bado kuitwa, mpaka watu wazima wote waliporuhusiwa baadaye katika mwaka ule. Hapo ndipo maswali yalipozuka katika nyumba nyingi.

Swali la kwanza: Je, chanjo haitamdhuru mtu aliye dhaifu? Jibu: Mtu dhaifu ndiye aliyeihitaji zaidi, kwa kuwa Korona iliwaua hasa wazee na wenye maradhi ya sukari, moyo na shinikizo la damu. Dawa ile haikuwa na kidudu cha Korona chenyewe. Wengi waliumwa mkono, au walipata homa na maumivu ya kichwa kwa siku moja au mbili. Madhara makubwa, kama vile damu kuganda, yalitokea kwa nadra sana. Hata hivyo yampasa mtunzaji kumweleza muuguzi mapema dawa anazotumia mgonjwa, hasa zile za kuzuia damu isigande, na kama amewahi kudhurika kwa chanjo yo yote. Mwenye homa kali hungoja kwanza apone. Baada ya kuchanjwa, mgonjwa huangaliwa kwa muda wa dakika 15, hata akiwa kitandani pake.

Swali la pili: Kwa nini muuguzi asije nyumbani upesi? Jibu: Chupa ndogo moja ya dawa ile ilikuwa na dawa ya watu 10. Ilipasa kuwekwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, na ikiisha kufunguliwa itumiwe katika muda wa saa 6, la sivyo imwagwe. Muuguzi akipanda kilima kwa ajili ya mtu mmoja, dawa ya watu 9 yaweza kupotea, na mvua ikinyesha njia za huko hazipitiki kwa urahisi. Lakini majirani wakiandika pamoja majina ya wagonjwa wote wa kilima kimoja, na ya watunzaji wao, kisha wakampelekea mhudumu wa afya wa kijiji au chifu, chupa moja hutosha nyumba kadhaa, na safari moja huwa na faida.

Swali la tatu: Je, mtunzaji akiisha kuchanjwa aweza kuacha kujihadhari? Jibu: La. Chanjo hupunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa, lakini haizuii kabisa kumwambukiza mwingine. Kwa hiyo wote wawili wachanjwe, madirisha yafunguliwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtunzaji mwenye kikohozi afunike mdomo na pua, au amwombe ndugu mwingine ashike zamu.

Swali la nne: Na mzee akikataa? Jibu: Asilazimishwe wala asidanganywe. Mwili ni wake. Aelezwe kwa heshima na mtu anayemwamini, naye apewe nafasi ya kuuliza. Wazee wengi wanakumbuka ndui, na jinsi chanjo ilivyoifukuza hata ulimwengu ukatangaziwa mwaka 1980 kwamba imekwisha.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya Korona imekoma. Lakini maradhi ya kuenea hayajakoma duniani, na vitandani wamo wagonjwa hata leo. Nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo yafaa iandike sasa jina lake, maradhi yake, dawa zake, na majina ya watu wawili wanaoweza kumtunza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.