SOMO LETU: MGONJWA ASIYEPONA NA HAKI YAKE



Katika mkutano wa tawi hapa Kizuka liliulizwa swali lililotufanya tuinamishe vichwa. Ndugu mmoja, mkata chikichi, alisema: "Kaka yangu ana saratani. Usiku kucha analia. Ananiomba nimsaidie afe. Nasikia nchi nyingine madaktari hufanya hivyo. Je, na sisi tunaweza kuipata huduma hiyo?" Swali hili si la aibu. Leo tulijibu kwa utaratibu.

1. Sheria inasemaje?

Ni kweli zipo nchi zinazoruhusu. Sheria za Uholanzi na Ubelgiji zilianza mwaka 2002, ya Kanada 2016, na ya jimbo la Victoria huko Australia 2019. Hata huko mlango ni mwembamba. Mgonjwa aombe mwenyewe, akiwa na akili timamu, bila kushurutishwa. Ndugu hawawezi kumwombea. Tena lazima apimwe na zaidi ya mganga mmoja. Kanada na Victoria wanawahudumia wakazi wao, si msafiri.

Burundi haina sheria ya namna hiyo, wala Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda au Kongo. Atakayemuua mgonjwa, hata kwa huruma na kwa kuombwa, anaweza kushtakiwa kwa kuua.

2. Mambo matatu tusiyachanganye

(a) Kumuua mgonjwa kwa ombi lake: hilo tumekwisha kulieleza.
(b) Mgonjwa kukataa tiba isiyomsaidia tena, akasema: "Upasuaji basi, nirudisheni nyumbani." Huko si kujiua.
(c) Kumtuliza maumivu. Hiyo ni tiba, na huitwa tiba shufaa.

3. Dawa ya maumivu ipo

Tulimwuliza yule ndugu: kaka yako anaomba kifo saa ngapi? Akajibu: "Usiku, maumivu yanapozidi. Asubuhi huomba uji na kuulizia watoto." Ndugu, jibu hilo lina somo ndani yake. Kwanza tupigane na maumivu.

Dawa ya maumivu makali ni mofini. Tangu 1977 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Unga wake huchanganywa na maji, mgonjwa akanywa kila baada ya saa nne, na mganga huongeza kipimo kidogo kidogo mpaka maumivu yatulie. Hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ikitolewa kwa kipimo cha mganga, haiharakishi kifo.

Majirani zetu wameonyesha njia. Nairobi Hospice ilianza 1990. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Madaktari walikuwa wachache na vijiji vingi, basi mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliosomea kazi hiyo waandike mofini. Rwanda ilitoa sera yake ya taifa mwaka 2011. Hizi si nchi tajiri.

4. Sisi tufanye nini?

- Tumpeleke mgonjwa kituo cha afya au hospitali, tuulize waziwazi: "Mna mofini? Kama hamna, tuelekezeni inakopatikana."
- Mgonjwa anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na sumu za shambani ziwekwe mbali. Asikilizwe, aitiwe mganga, na kiongozi wake wa dini akipenda.
- Mwenye kadi ya INSS aulizie mapema pensheni ya ulemavu, na haki za mjane na yatima. Asiye na INSS aulizie kadi ya msaada wa matibabu, CAM.
- Mjumbe wa chama apeleke kwa mwajiri ombi la ruhusa kwa anayeuguza na la usafiri wa mgonjwa.
- Tupeane zamu ya kukesha. Mtu mmoja akikesha mwezi mzima, naye ataugua.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya kukataa tiba na kuuawa kwa kuombwa?
2. Kwa nini Uganda iliwaruhusu wauguzi waandike mofini?
3. Katika kikundi chenu, nani anauguza mgonjwa sasa, na nani atashika zamu ya wiki hii?

Swali la tatu lisijibiwe kwa maneno tu. Majina yaandikwe, mjumbe ayapokee.