JE, BUNDI HULETA KIFO?

Ndugu msomaji, bundi aliapo juu ya paa usiku, wengi huuliza, "Nani atakufa?" Kukipambazuka humtafuta wampige mawe. Hata mtu aliyekwisha kutoa shahada huweza kubaki na hofu hii moyoni. Basi tumtazame bundi jinsi alivyo hasa, na tujue wajibu wetu tukimkuta ameumia.

Waarabu wa zama za ujahilia waliamini kwamba roho ya mtu aliyeuawa hugeuka bundi, wakamwita hama, naye hulia mpaka kisasi kilipwe. Mtume Mtukufu s.a.w. aliikanusha itikadi hiyo, pamoja na desturi ya kuagulia mikosi kwa ndege. Habari hiyo imo katika Sahih Bukhari. Uhai na mauti vimo mkononi mwa Mwenyezi Mungu peke Yake. Amwogopaye bundi kwa ajili ya mauti amempa kiumbe uwezo asio nao.

KUMTAMBUA: Bundi akaaye karibu na watu ana uso mweupe wenye umbo la moyo na macho meusi, na mlio wake ni ukelele wa kukwaruza. Hukaa darini na katika magofu kwa kuwa humo hupata mahali pa kutagia, na karibu yake wamo panya. Basi akija kwako amefuata panya, hakufuata roho ya mtu. Masikio yake yamefichika ndani ya manyoya, moja likiwa juu kidogo kuliko la pili. Kwa hiyo huweza kumnasa panya gizani kwa kusikia tu. Bundi mkubwa kupita wote wa Afrika hujulikana kwa kope zake za rangi ya waridi.

KUMSAIDIA: Kwanza, ukimkuta kinda chini, mzima wa mwili, usimchukue nyumbani. Mrudishe kiotani, au kama ameota manyoya ya kutosha mweke juu ya tawi. Wazazi wake watamlisha usiku, wala hawatamkataa kwa sababu umemgusa.

Pili, aliyevunjika bawa mfunike kwa nguo nzito, ukijihadhari na kucha zake, umtie katika sanduku lenye matundu, mahali penye giza na utulivu. Usimpe maziwa wala mkate, wala usimmiminie maji mdomoni, maana huweza kumpalia.

Tatu, mpeleke upesi kwa maofisa wa wanyamapori au daktari wa mifugo. Sheria za Kenya na Tanzania haziruhusu kumfuga bila kibali. Tena kinda akilelewa na mtu peke yake humdhani mtu kuwa mzazi wake, na maisha ya porini humshinda. Wataalamu hawamwachilii mpaka aweze kuruka vizuri na kuwinda mwenyewe.

Nne, jihadhari na sumu ya panya. Bundi alaye panya mwenye sumu naye huweza kufa.

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba kumtendea wema kila kiumbe chenye uhai kuna thawabu. Basi, ndugu yangu, bundi akilia usiku huu juu ya nyumba yako, na jirani akikuletea jiwe, hapo ndipo imani yako itakapopimwa. Liweke jiwe chini, umweleze jirani kwa upole uliyoyasoma, kisha ulale kwa amani. Mwenyezi Mungu atuondolee kila hofu isiyo Yake. Amin.