Mgeni Nchini Mwake: Lugha na Ujirani wa Mwalimu Mjini Garissa

Mwalimu anayetumwa Garissa kutoka Bungoma au Machakos hahitaji pasipoti. Akitoka Nairobi husafiri takribani kilomita 370, huvuka daraja la Mto Tana, na bado yumo nchini mwake. Hata hivyo, haupiti muda mrefu kabla hajamsikia mwenyeji akisema kwamba kesho anakwenda "Kenya", yaani Nairobi. Kauli hiyo si utani mtupu. Eneo hili lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu wakati wa vita vya Shifta (1963–1967) hadi 1991, na wakazi wake wakazoea kusimamishwa vizuizini na kudaiwa vitambulisho. Mwalimu na jirani yake Msomali, basi, wote wawili wameonja ugeni katika nchi moja. Makala haya yanachunguza jinsi lugha inavyowakutanisha, na mahali inapokomea.

Mkutano wao wa kwanza huwa wa Kiswahili. Sokoni, hotelini na kwenye duka la nguo, ndiyo lugha ambayo si ya nyumbani kwa muuzaji wala, mara nyingi, kwa mnunuzi. Kwa kuwa Kisomali hakina sauti /p/, baadhi ya wauzaji hutamka "besa" badala ya "pesa". Wapo wageni wanaochekelea matamshi hayo. Wangefaa kujisikiliza wao wenyewe wanapojaribu Kisomali. Maziwa huitwa *caano*, na herufi "c" hapo ni ile *ayn* ya Kiarabu itokayo kooni. Mgeni asiyeiweza hutamka *aano*, neno lenye maana ya kisasi. Mtu ametoka asubuhi kutafuta maziwa ya ngamia, naye anaagiza vita!

Maamkizi nayo yanaonyesha ukaribu ambao wazungumzaji wenyewe huenda wasiutambue. Msomali huuliza *iska warran*, yaani "toa habari zako"; Mswahili huuliza "habari?" Lugha hizi si za ukoo mmoja, lakini zote mbili humwamkia mtu kwa kumdai habari. Vivyo hivyo, *macallin* na "mwalimu" yametokana na neno moja la Kiarabu. Mgeni anayeitwa *macallin* na majirani hana budi kushukuru, kwani kwa kawaida hilo ni jina la anayefundisha Kurani katika *dugsi*.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili humfikisha mgeni barazani tu. Chai ikishamiminwa, mazungumzo ya jamaa hurejea katika Kisomali, na mgeni hubaki akitazama nyuso. Anayejifunza hata maneno hamsini hubadilishiwa mahali pa kukaa. Wengi hawajifunzi: huhesabu miezi iliyobaki kabla ya uhamisho, hukaa na wenzao wa kutoka bara, na ujirani huishia kwenye salamu.

Tangu 2014 jambo hili limebeba uzito wa uhai. Novemba mwaka huo, watu 28, walimu wakiwamo, waliuawa walipotolewa katika basi karibu na Mandera. Waliotengwa ni wale walioonekana si Waislamu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotoka nje ya eneo hilo. Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Baadhi ya wanawake waliwavika wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Abiria hao walikuwa na safari moja tu ya kuwafanya majirani.

Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa kuondoka. Lakini mtoto wa kijijini asiyesikia Kiswahili nyumbani alipoteza zaidi ya vipindi vya ratiba. Mwalimu yule mgeni, kwa kutojua Kisomali, alikuwa mtu pekee ambaye mtoto hakuweza kuzungumza naye ila kwa Kiswahili.