Chipu Mwilini: Tuulize Kwanza

Mwezi huu tujifunze juu ya chipu inayowekwa chini ya ngozi ili kumtambulisha mtu.

Oktoba 2004 serikali ya Marekani iliruhusu chipu iitwayo VeriChip. Ilikuwa kama punje ya mchele, ikiingizwa mkononi kwa sindano. Ndani yake mlikuwa na namba ya tarakimu 16 tu. Daktari aliisoma kwa kifaa maalumu, kisha akatafuta habari za mgonjwa katika kompyuta. Faida yake ni wazi: mgonjwa aliyezimia hawezi kujieleza.

Lakini kadi twaweza kuiacha nyumbani, chipu hatuwezi. Mwenye kifaa akitukaribia, aweza kuisoma tusijue. Tena, mzee aliyepoteza kumbukumbu atatoaje kibali? Na mfanyakazi akiombwa na mwajiri wake, atathubutu kukataa? Ndiyo maana mwaka 2006 jimbo la Wisconsin, huko huko Marekani, lilipiga marufuku kumlazimisha mtu kuwekewa chipu. VeriChip yenyewe iliacha kuuzwa mwaka 2010, ila mwaka 2017 kampuni moja ya Wisconsin iliwawekea chipu nyingine wafanyakazi wake wapatao 50 waliojitolea.

Siri ya mgonjwa ni sehemu ya heshima yake. Tukiombwa kibali, tuulize: Nani atasoma habari zetu? Tukikataa, tutapoteza nini? Tukibadili nia, nani ataitoa?