Umri wa Skana ya Filamu

Swali moja nimeulizwa mara nyingi katika Chama chetu cha Picha: skana ya filamu hudumu muda gani hata ilazimike kununuliwa nyingine? Mwaka jana mimi ndimi niliyekuwa mtunzaji wa mashine hiyo, na jibu nililipata kwa taabu. Naliandika hapa ili atakayeshika kazi baada yangu asirudie kosa langu.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Skana ya filamu ni chombo kisomacho negativu na kuigeuza kuwa picha ya kompyuta. Taa humulika filamu upande mmoja. Mwanga hupenya, hugeuzwa na kioo, huingia katika lenzi, kisha hufika penye jicho la mashine, ambalo ni mstari mwembamba wa vihisi. Mota husogeza kazi hatua ndogo ndogo, na kila hatua ni mstari mmoja wa picha. Negativu ya kawaida ni milimita 36 kwa 24. Mashine isomayo nukta 4,000 katika kila inchi hupata karibu nukta 5,670 kwa urefu na 3,780 kwa upana, yaani zaidi ya milioni 21.

Mashine kama hii haifi yote mara moja. Huugua kiungo kimoja kimoja, nasi sharti tujue ni kiungo gani.

Kiungo cha kwanza ni taa. Skana nyingi za zamani zilikuwa na taa ya mrija, ambayo kadiri inavyozeeka hufifia, hukawia kupata moto, na rangi zake huhama. Skana za siku hizi hutumia taa za LED, zidumuzo zaidi sana. Kwa mfano, Epson V700 ya mwaka 2006 ilikuwa na taa ya mrija, lakini V800 na V850 zilizotoka mwaka 2014 zina LED.

Kiungo cha pili ni mwendo, yaani mota, ukanda na reli. Vikichoka, mistari iliyonyoka katika picha huonekana ina meno kama msumeno.

Cha tatu ni vioo na lenzi. Vumbi likitanda juu yake, mahali panapopitisha mwanga mwingi katika filamu humwaga mwanga wake juu ya mahali penye giza. Lakini ukiona mstari mmoja ulionyoka, mahali pale pale katika kila picha, mara nyingi ni chembe ya uchafu penye jicho au pale mashine inapojipimia mwanga.

Cha nne wengi hukisahau: lugha ya kusemezana na kompyuta. Konica Minolta waliacha biashara ya kamera mwaka 2006, na skana za Nikon Coolscan ziliacha kutengenezwa karibu na mwaka 2010. Programu ya Nikon haikuendelezwa kwa kompyuta mpya, na Coolscan 9000 hutumia waya wa FireWire, ambao kompyuta za leo hazina tundu lake. Hata hivyo ziko Coolscan zinazofanya kazi mpaka leo, kwa kuwa wenyewe walizitunza, wakaweka kompyuta ya zamani kando yake au wakatumia programu nyingine kama VueScan. Basi mashine njema yaweza kupita miaka 15, na mashine iliyopuuzwa yaweza kuharibika katika muhula mmoja.

Sasa nieleze yaliyotupata. Shule ilikuwa na sanduku la negativu 1,260. Kila moja ilichukua dakika 4, jumla saa 84. Tulifanya kazi saa 4 kwa juma, yaani picha 60. Kwa hiyo kazi yote ilihitaji majuma 21. Hapo nilijifunza kwamba swali la miaka si swali kamili. Mtu apime kwanza kazi aliyo nayo, kisha aulize kama mashine itaimaliza.

Juma la tisa, mwenzangu mmoja aliona nyuso za wachezaji wa mpira zimezungukwa na ukungu, kana kwamba moshi umewafunika. Wengine walisema mashine imekufa, na fedha za safari yetu zitumike kununua nyingine. Niliomba siku saba. Nikatafuta picha ya kwanza kabisa tuliyoifanya, nikaisoma tena negativu ile ile, nikazilinganisha. Kisha nikafuata picha za kila juma. Ukungu ulikuwa umeanza tangu juma la tano, pole pole, wala hakuna aliyeuona.

Sababu niliijua mara moja, nami niliona haya. Mashine ilikaa dirishani, kando ya barabara ya vumbi, na kifuniko chake nilikuwa nimekitandika chini ya vitabu vyangu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wetu wa fizikia aliung'oa waya wa umeme, akaifungua mashine, akapuliza vumbi kwa mpira wa hewa, kisha akapangusa kioo kwa pamba safi na spiriti kidogo, kwa mkono mwepesi, maana kioo cha namna hii hukwaruzika upesi. Asiyejua asijaribu. Mashine ikapona, lakini picha 240 tulizirudia, saa 16 za bure.

Miongoni mwa hizo 240 ilikuwamo timu ya mwaka 1961. Mzee mmoja aliyekuwa golikipa alikuwa ameiomba, kwa kuwa wenzake wote kumi wamekwisha kufariki. Angalipewa ile yenye ukungu, asingalimtambua hata mmoja. Alipokuja alizitaja nyuso zote kwa majina, nasi tukayaandika.

Basi, ndugu, shikeni haya. Funikeni mashine kila jioni. Wekeni negativu moja ya kupimia, muisome kila mwezi, mlinganishe na ya kwanza. Filamu zinazonuka siki zisomwe kwanza, maana hizo zinaoza. Nunueni mashine nyingine pale tu taa, mota au jicho limekufa na kipuri hakipatikani, au pale ambapo hakuna kompyuta iwezayo kusemezana nayo. Wala msitupe negativu baada ya kuzisoma. Ikitunzwa mahali pakavu penye baridi, filamu yaweza kuishi kuliko skana tatu au nne, na kuliko sisi tunaozisoma.