SOMO: UMBALI WA NDEGE NA UMBALI WA MFANYAKAZI



Posho ya safari huhesabiwa kwa kilomita na kwa saa. Asiyejua hesabu hiyo hupokea anachopewa. Tujifunze.

1. Umbali wa ndege

Ndege hufuata njia iliyonyooka, haizunguki mlima wala ziwa. Sisi wa Kasese tunaweza kuipima njia hiyo kwa urahisi kwa sababu tuko karibu na Ikweta, na Entebbe pia. Mzunguko wa dunia kwenye Ikweta ni kama kilomita 40,000. Ukigawanya kwa digrii 360, kila digrii ni kilomita 111.

Uwanja wa Kasese uko kwenye digrii 30.1 mashariki, wa Entebbe digrii 32.4. Tofauti ni 2.3. Zidisha kwa 111: utapata kilomita 255 hivi. Lakini kwa barabara, kupitia Fort Portal na Kampala, safari hiyo hupita kilomita 400.

2. Muda

Gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa itatumia dakika 51 angani. Huo si muda wote wa safari. Ongeza kufika uwanjani mapema, kukaguliwa, kuruka, kutua na kungoja mizigo.

Tena angalia saa za nchi. Ukivuka Mpondwe kuingia Kasindi, saa ya Kongo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Dereva akitoka Kasese saa 2 asubuhi, akafika Kasindi saa 2 na nusu kwa saa ya huko, amesafiri saa moja na nusu. Akiandikiwa nusu saa, amepunjwa.

3. Faida ya somo hili

Bwera haina uwanja wa ndege. Ukiweka rula kwenye ramani, kutoka Bwera hadi Kasese ni karibu kilomita 40, juu ya vilima vya Rwenzori. Basi halipiti huko. Barabara huzunguka hadi Kikorongo, ndipo ielekee kaskazini, na jumla yake huzidi kilomita 50.

Mwajiri akilipa kwa rula, mfanyakazi hupoteza kilomita 10 kila safari. Kwenda na kurudi ni 20. Kwa siku 24 za kazi ni 480, zaidi ya safari ya Kasese hadi Entebbe kwa barabara! Nauli hiyo hutoka mfukoni mwake.

Kwa hiyo, katika mkataba yaandikwe maneno haya: "umbali wa barabara inayotumika", na muda uhesabiwe tangu kuondoka hadi kufika, kwa saa ya nchi moja.

Maswali ya kujadiliana tawini

(a) Posho yenu hupimwa kwa rula au kwa barabara?
(b) Ndege ya mwendo wa kilomita 200 kwa saa itatumia muda gani kutoka Kasese hadi Entebbe?
(c) Nani huandika saa za madereva wenu, na kwa saa ya nchi gani?

Mwenye kujua kusoma amsomee mwenzake.