Sarafu ya Kale: Isome Kabla ya Kuisugua

Mwaka mmoja wakati wa palizi, mwenzetu mmoja hapa Hanga alikuwa shambani kwake akipalilia mahindi. Jembe likagonga kitu. Akakiokota. Kilikuwa kipande cheusi, bapa, cha duara.

Jioni tulikusanyika kukitazama. Mmoja akasema ni kifungo cha koti la askari. Mzee mmoja akasema, hapana, hiyo ni fedha ya Mdachi. Basi tukaona dawa ni kukisafisha. Tukaleta majivu, mchanga na ndimu. Tukasugua kwa zamu mpaka mikono ikachoka.

Kikawa cheupe, kinang'aa kama kijiko kipya. Lakini maandishi yalikuwa yamekwisha. Kilibaki kivuli cha kichwa cha mtu tu. Mwaka haukusomeka. Sisi tuliokuwa tumejifunza kusoma, tulifuta kwa mikono yetu kitu cha kusomwa!

Ndiyo maana tumeandika somo hili. Tunaeleza jinsi ya kuitambua sarafu ya kale, hasa ya fedha, na jinsi ya kuitunza.

FEDHA NI NINI?

Siku hizi tukisema fedha tunafikiria noti. Lakini fedha kwanza ni jina la madini meupe, yale yanayotengenezewa pete na bangili. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Hata maneno mengine tunayotumia dukani ni majina ya sarafu za zamani. Pesa ilikuwa sarafu ndogo ya shaba iliyotoka India. Hela ni sarafu ya Wajerumani iliyoitwa heller. Kwa hiyo mtu akisema "sina hela", anataja sarafu ya Mdachi bila kujua.

Fedha haishiki kutu kama jembe. Ikikaa ardhini inageuka nyeusi. Shaba inageuka kijani. Weusi huo usikutie wasiwasi. Mara nyingi ndio unaokinga maandishi yaliyo chini yake.

SARAFU ZILIZOGONGWA KWA NYUNDO

Zamani hapakuwa na mashine ya kutengeneza sarafu. Fundi alichukua kipande kidogo cha fedha, bapa. Alikuwa na mihuri miwili ya chuma iliyochongwa maandishi kinyumenyume. Muhuri mmoja ulikaa chini, juu yake akaweka kile kipande, na juu ya kipande akaweka muhuri wa pili. Kisha akagonga kwa nyundo. Pande zote mbili zikapata maandishi kwa pigo moja.

Sasa fikiri. Mkono wa mtu si mashine. Pigo moja linakwenda pembeni, lingine linakuwa jepesi. Ndiyo maana sarafu ya nyundo haiwi duara kamili. Ukingo wake hauna vijistari kama vya sarafu za mashine. Maandishi yamekaa upande, pengine herufi moja imekatika. Unene haulingani. Tena sarafu mbili za mtawala mmoja hazifanani kabisa, kama vile maandazi mawili ya mpishi mmoja.

Kazi hii ilifanyika Ulaya, Uarabuni na India. Lakini wengi wetu hatukuambiwa kwamba ilifanyika pia hapa kwetu pwani, tena zaidi ya miaka 900 iliyopita! Watawala wa Kilwa walitoa sarafu zao wenyewe. Nyingi za Kilwa ni za shaba. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vijisarafu vya fedha vyenye umri wa zaidi ya miaka 1,000.

AKIBA YA MTAMBWE

Sarafu za fedha nyingi kuliko zote zilipatikana Pemba mwaka 1984. Mahali penyewe panaitwa Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zimezikwa pamoja, na kati yake chache za dhahabu. Mtu alificha akiba yake pale, hakurudi kuichukua.

Zile za fedha ni ndogo sana. Nyingi hazifiki upana wa ukucha wa kidole gumba. Ungeziona shambani ungedhani ni magamba ya samaki. Lakini zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja lipo jina la mtawala. Upande wa pili yapo maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno hayo yana vina na jina la mtawala. Kwa hiyo ukigeuza sarafu unasoma kama beti fupi la shairi. Sisi jambo hili lilitufurahisha kuliko hesabu ya sarafu zenyewe. Watu wa pwani walipenda vina hata kwenye fedha!

Lipo jambo kubwa zaidi. Sarafu hizo za fedha hazina mwaka. Jina moja lililoonekana ni Ali bin al-Hasan, mtawala anayejulikana katika historia ya Kilwa. Wataalamu walikuwa wakidhani alitawala karibu na mwaka 1200. Lakini pale Mtambwe sarafu zake zilikuwa pamoja na zile za dhahabu kutoka nchi za Waislamu, na hizo zina miaka. Ni za karne ya 10 na ya 11. Hapo ikajulikana kwamba Ali bin al-Hasan aliishi katika karne ya 11. Historia ya Kilwa ikasogezwa nyuma kwa zaidi ya miaka 100.

Je, ingekuwaje kama mtu angezikuta kwanza, akauza za dhahabu mjini na za fedha akampa sonara ayeyushe? Tungebaki na kosa lile mpaka leo. Sarafu moja peke yake inasema kidogo. Ikijulikana ilikuwa wapi, na ilikuwa pamoja na nini, inasema mengi.

Mfano mwingine unatoka mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 katika kisiwa kimoja kaskazini mwa nchi hiyo. Aliziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazitoa zichunguzwe. Kumbe 5 zilikuwa za shaba kutoka Kilwa! Hakuna aliyetegemea. Jambo la busara alilofanya ni hili: mahali alipoziokota alipatia alama kwenye ramani. Bila alama ile nani angemwamini?

ZINAZOOKOTWA HUKU KWETU

Tusidanganyane. Kinachoonekana huku bara mara nyingi si fedha ya Ali bin al-Hasan. Lakini misafara kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita Ungoni katika karne ya 19. Baadaye Mdachi alidai kodi ya nyumba kwa rupia, na huko vijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa hiyo sarafu zilifika.

Anza na ukingo. Kama ni duara kamili na ukingo una vijistari vilivyolingana, hiyo ni ya mashine. Rupia ya Mdachi ni ya namna hiyo. Upande mmoja yupo Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia yupo ndege. Za mwaka 1890 hadi 1902 zina simba na mnazi upande wa pili. Za kuanzia 1904 zimeandikwa Deutsch Ostafrika. Rupia ina uzito wa gramu 11 na zaidi kidogo, na sehemu 11 kati ya 12 ni fedha halisi. Ile yetu tuliyoisugua ilikuwa rupia. Tulijua kwa ukingo na kile kivuli cha kofia. Lakini ni ya kabla ya vita vya Majimaji vya 1905 au ya baada yake? Jibu tulilimwaga pamoja na majivu.

Sarafu ya shaba huenda ni heller. Kama ni ya mwaka 1916 na ina herufi T, ilitengenezwa Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maana meli hazikuweza tena kuleta sarafu kutoka Ujerumani.

Uwe mwangalifu na mwaka. Iko sarafu kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke, wazee wakiiita riale. Imeandikwa 1780. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka huo. Lakini waliendelea kuitengeneza kwa mwaka ule ule kwa zaidi ya miaka 100 baadaye. Tena pesa ya Seyyid Barghash wa Zanzibar ina mwaka 1299. Usishangilie kwamba ni ya kale mno. Huo ni mwaka wa Hijria, hesabu ya Kiislamu. Kwa hesabu yetu ni 1882. Kama herufi ni za Kiarabu, mpelekee mtu aliyesoma chuoni akusaidie.

Sumaku ya redio mbovu pia inasaidia. Fedha na shaba hazinaswi na sumaku. Sarafu ya shilingi 500 iliyoanza mwaka 2014 inanaswa. Ukiletewa "rupia" inayoruka kwenye sumaku, jua kuna ujanja.

WANAOTAFUTA RUPIA

Vijijini hupita watu wakiulizia rupia. Wengine wanasema ipo rupia inayovuta mchele au kuzima tochi, na kwamba ina thamani ya mamilioni. Halafu wanadai utoe kwanza hela ya "kuipima". Ndugu, rupia ni fedha na shaba kidogo. Haivuti mchele. Mtu anayetaka umlipe ndipo akununulie, anataka hela yako tu.

Wengine huchimba usiku kutafuta mali ya Mjerumani. Wanaharibu makaburi na misingi ya nyumba za zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba vitu vya kale bila kibali. Pia inasema mtu akiokota kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863, lazima atoe taarifa kwa ofisa wa serikali au makumbusho. Sarafu za Kilwa na Mtambwe ni za kundi hilo. Rupia ya Mdachi si ya umri huo, lakini watu wa makumbusho wanaweza kukueleza ulichonacho.

UKIOKOTA UFANYE NINI?

Usisugue. Usitie ndimu, wala siki, wala kuichoma moto. Toa udongo uliolegea kwa maji matupu, acha ikauke kivulini. Ishike kwa ukingo. Ifunge kwenye karatasi safi, si pamoja na misumari. Kama ziko nyingi mahali pamoja, simama hapo hapo. Usiendelee kuchimba wala kuzigawa.

Halafu tumia kalamu. Andika tarehe, shamba la nani, kina cha jembe, na vitu vingine vilivyokuwepo, kama vigae au shanga. Weka karatasi mwanga ukiwa pembeni, taa au jua la asubuhi, herufi zitaonekana vizuri. Nakili kila herufi kama ulivyoiona, hata usiyoijua. Kisha mwone mtendaji wa kijiji, au ipeleke Makumbusho ya Majimaji pale Songea mjini.

ZOEZI

1. Chukua sarafu yoyote uliyo nayo mfukoni. Andika maneno yote, mwaka, na picha za pande zote mbili.

2. Tazama ukingo wake. Je, iligongwa kwa nyundo au kwa mashine? Umejuaje?

3. Muulize mzee wa nyumbani kwako sarafu alizozitumia alipokuwa mtoto, na kila moja ilinunua nini. Andika majina yake kwenye daftari.